Shaba Shingoni

Haikutoka kwa sabuni. Haikutoka kwa mafuta ya kupikia, wala kwa yale ya mgando ambayo mama hupaka visigino. Kichwa changu ni kikubwa, nimeambiwa hivyo tangu shule ya msingi, na Jumapili ile nilikishukuru kwa mara ya kwanza, kwa sababu sikutaka pete ile itoke.

"Inamisha kichwa," mama alisema.

"Nimeinamisha, Mama."

"Inamisha tena."

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya ua wetu mjini Lodwar, gauni la kanisani limelowa mafuta mgongoni, pete ya shaba ikizunguka shingoni bila kupanda wala kushuka. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, ameutazama ukuta. Yeye, Mzee Ekeno, aliendesha malori ya chakula cha msaada ujana wake wote, kutoka hapa mpaka Lokichoggio, na sijawahi kuona chuma kilichomshinda. Hiki kilimshinda kwa sababu kilikuwa kwenye mwili wa binti yake.

"Nani alifunga wewe hii kitu?" aliuliza, bado anaongea na ukuta.

"Adolphe."

"Huyo Mkongo wa kambi ya wakimbizi?"

"Ana jina, Baba."

"Mimi nauliza kama ni huyo Mkongo."

"Ndiye."

Akanyamaza. Baba akipiga kelele hakuna anayeogopa, hata kuku hawasogei. Akinyamaza ndipo tunapotafuta viatu.

Msichana wa Kiturkana anaweza kuvaa shanga mpaka shingo isionekane na hakuna atakayeuliza kitu. Shanga ni urembo. Chuma ni jambo jingine. Pete ya chuma ya shingoni, ambayo tunaiita alagama, huvaliwa na mwanamke aliyeolewa, ambaye mifugo yake imefika na dume limechinjwa nyumbani kwao mbele ya watu. Mama anayo yake. Sijawahi kuiona mbali na shingo yake, hata alipolazwa hospitalini. Na mimi nilirudi Jumamosi jioni nimevaa ya shaba, inang'aa kama taa, na kwetu hakujachinjwa hata kuku.

"Ngamia iko wapi?" baba aliuliza mwishowe. "Mbuzi iko wapi? Ng'ombe ya kuchinja iko wapi? Wazee gani walikaa hapa? Mtu anafunga mtoto yangu shingo huko porini kama anafunga punda, halafu mtoto anakuja kwangu anacheka."

"Sikucheka."

"Ulicheka. Mama yako aliona."

"Alicheka," mama alisema, akijifuta mafuta mikononi.

"Basi nilicheka!" Nikainuka. Magoti yalikuwa yameniuma kiasi cha kutosha. "Nilicheka kwa sababu nampenda. Mnataka kunikata kichwa ili pete itoke? Kateni. Kama kuvaa hii ni kuolewa, basi mimi nimeolewa, na nimekubali."

Mama alishika kifua. Baba alinigeukia kwa mara ya kwanza siku hiyo, akanyoosha mkono.

"Simu."

Nilimpa. Alilitafuta jina mwenyewe, akasubiri, na alipojibiwa hakusalimu. "Wewe. Umeoa mtoto ya Ekeno. Kuja hapa." Akakata.

Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Nilisimama pale nikinuka mafuta ya kupikia, baba yangu amekasirika na mama yangu analia kimya kimya, na moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa mwendawazimu. Anakuja, nilijiambia. Atakaa mbele ya baba, atasema aliyonayo na asiyonayo, watagombana, watapatana. Nani aliwahi kuolewa bila kelele?

Nina ugonjwa mmoja. Siku za kazi nauza dawa kwenye famasia, nimevaa koti jeupe, mtu wa heshima. Ikifika Jumamosi nachukua kamera yangu ya mtumba na kwenda kutafuta mashine zilizokufa na majengo yaliyochoka. Wenzangu wanapiga picha harusi. Mimi napiga kutu. Naweza kulala kifudifudi kwenye mchanga wa moto nikisubiri kivuli cha gurudumu kifike mahali pake, na watu wakapita wakisema binti wa Ekeno amechanganyikiwa.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa lori la baba, ambalo lilioza nyuma ya nyumba yetu toka nikiwa mdogo. Wiki hiyo hiyo baba aliliuza, likakatwakatwa likaenda. Nikapiga greda la zamani kwenye barabara ya Kalokol. Niliporudi kulitazama nilikuta alama ya mafuta kwenye mchanga. Nikapiga ile safu ya maduka ya kale hapa mjini, yenye milango ya mbao ya kukunja, na sasa pale pana ghorofa la vioo. Kule Ferguson's Gulf nilipiga mashine ya kugandisha barafu ya wavuvi, imelala ubavu mbuzi wakijikuna kwayo, na nayo haikuona mvua iliyofuata. Sikumwambia mtu, lakini nilianza kuogopa. Kila nilichokipiga picha kiliondoka.

Adolphe aliingia famasia kununua dawa za moyo za mama yake. Alikuwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, imekunjwa vizuri kwenye mfuko wa shati, na alipokuwa akisubiri aliona picha ya ile mashine ya barafu nimeibandika ukutani.

"Nani alipiga hii foto?"

"Mimi. Kwa nini?"

"Ulikuwa unalilia nini ile siku?"

Watu wote walikuwa wameniuliza kamera ni ya bei gani. Nilimpa chenji akaiacha mezani, nikamkimbilia nje nayo, na tangu hapo Jumamosi zangu zikawa na mtu wa pili. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la nne huko kambini Kakuma na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, mrefu, mpole, mwenye macho ambayo hukutulia usoni mpaka usahau ulikuwa unasema nini. Kazi yake ilikuwa kushika sinia. Sinia la bati, lile la kupakulia wali: ukilielekeza vizuri linarudisha jua mahali palipo na giza. Alijifunza kulishika kwa upole, akifuata macho yangu, na mara nyingi mwanga ulimrudia usoni mwenyewe nami nikasahau mashine.

"Nipige na miye foto moja," alikuwa akiniambia.

"Wewe huna kutu. Mimi napiga vitu vyenye kutu tu."

"Nitapata lini hiyo kutu?"

"Ngoja. Uzee haukimbii."

Alicheka kila mara, nami nilicheka naye. Sababu ya kweli nilikaa nayo.

Jumamosi ile tulikuwa Lopur, kwenye kibanda cha mashine ya kusaga posho iliyokufa kabla ya mimi kuzaliwa. Watu wa vyuma chakavu walikuwa wameanza kuifungua. Bomba la shaba la mafuta lilikuwa limeshang'olewa. Nilikuwa na haraka, jua linateremka, na Adolphe alikuwa si yeye. Sinia lilikuwa linatetemeka.

"Nakiru, kuna neno minataka kukwambia."

"Inua kidogo. Kushoto. Hapo hapo."

"Ni neno kubwa."

"Jua linaondoka, Adolphe. Niambie likishaondoka."

Likaondoka. Akaweka sinia chini, akatoa kitu kwenye mfuko wa plastiki, na mimi nikaona shaba. Alikuwa amelichukua lile bomba la mashine siku zilizopita, akalipasha moto akalipinda, akalisugua kwa mchanga na limau mpaka likawa na rangi ya asali. Ncha moja alikuwa ameichonga iingie ndani ya nyingine. Hakuniomba ruhusa, nami sikusogea. Aliipitisha shingoni mwangu, vidole vyake vikinigusa nyuma ya masikio, kisha akabana kwa koleo. Nilisikia shaba ikilia kidogo.

"Hii ni ya weye unikumbuke," alisema. "Hata kama niko mbali."

Mbali. Nilidhani anasema Kakuma. Nilidhani anasema siku za katikati ya wiki. Mtu aliyeishi Turkana miaka yote hii ananifunga chuma shingoni, macho yamemjaa machozi. Ulitaka nifikiri nini? Nilimkumbatia nikamwambia ndiyo. Nilisema ndiyo mara nyingi sana, na yeye akalia begani kwangu, na tukaachana hapo barabarani kila mtu akiwa amelia kwa jambo lake.

Jumapili ile alifika nyumbani kwetu baada ya saa saba mchana, ameteremka kwenye teksi ya Probox na shati jeupe la kwaya, vumbi mpaka kwenye nyusi. Macho yake yalinitafuta kabla hajamwona mtu mwingine yeyote. Yalishuka shingoni kwangu, yakakaa hapo, na nikaona hofu. Nilijiambia anamwogopa baba.

"Papa, shikamoo," alisema.

"Ejok," baba akajibu, kavu.

"Mama, shikamoo."

Mama hakuitika. Alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, alagama yake ikionekana juu ya kanga, na alimtazama Adolphe jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na maji yake mwenyewe.

"Ongea na yeye," baba alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Hapo. Mimi niko hapa, sikio yangu iko hapa."

Tulisimama kwenye kivuli cha banda la kuni, hatua chache kutoka kwenye kiti chake. Nilitaka kumshika mkono. Nilimwangalia tu, nikisubiri aseme neno la kwanza la posa.

"Nakiru," alisema kwa sauti ya chini, "Papa alinipigia. Alisema nimekuoa. Ni kweli?"

Nilicheka. "Si wewe uliyenioa? Kwa koleo?"

Hakucheka.

"Adolphe?"

"Miye sikujua," alisema. "Nakiru, nakuapia. Kule kambini bamama bote ba kuni, bale banakuja kuuza makaa, banavaa pete kama hii. Nilikuwa nafikiri ni urembo ya kwenu. Nilisema, Nakiru hana. Acha nimufanyie yake, ya ile mashine anaipenda. Sikujua kama ni ndoa."

"Wale mama wa kuni wote wameolewa, Adolphe!"

"Sasa nimejua."

"Kwa hiyo hukutaka kunioa."

"Sikusema vile. Usiseme vile."

"Ulisema nini basi pale Lopur? Nikumbushe, maana naona mimi nilikuwa peke yangu."

"Nilisema unikumbuke. Ni souvenir. Hata kama niko mbali."

"Kakuma ni mbali? Si ni safari ya asubuhi moja?"

Aliziba macho kwa kiganja. Alipokitoa niliona kwamba hakuwa amelala. "Siyo Kakuma. Ni Kanada. Jina yetu imetoka kwenye ubao ya bale banahamishwa, ya Maman na yangu. Jumanne tunapanda ndege. Njo neno nilitaka kukwambia, na weye ukasema jua linaondoka."

Sikumbuki nilisema nini. Mama ananiambia nilisema "hapana" tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa chai. Nakumbuka nilimpiga kifuani kwa ngumi, na hakurudi nyuma, na nikampiga tena. Nakumbuka vumbi likitoka kwenye shati lake.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Na ukaniacha nifurahi! Nimelala na hiki kitu shingoni usiku kucha nimekishika! Nimemtukana baba yangu kwa ajili yako, nimesema mbele ya mama kwamba nimekubali! Nimekubali nini, Adolphe? Kuachwa?"

"Nakiru, tafazali."

"Usiniambie tafadhali. Nenda. Kuna baridi kule, beba sweta."

"Sikiliza miye." Alinishika mabega yote mawili, mbele ya baba, bila woga sasa. "Nilikuja nimewaza njia yote. Kama ni urembo tu, nitakwenda, na nitakulilia kule mpaka siku nitapata njia ya kukuleta ao ya kurudi, na sijui kama kuko njia, sitakudanganya. Lakini kama ni ndoa, kama kweli miye ni bwana yako, siendi popote. Bwana haachi bibi yake baada ya siku tatu. Minaenda kesho kwenye ofisi, minasema toeni jina yangu. Minakaa. Papa ataniambia nilete nini, nilete wangapi, nitatafuta mpaka nizeeke. Sema tu neno moja. Ni ndoa ao siyo?"

Hapo ndipo nilipokuwa na kila kitu nilichowahi kukitaka, mbele yangu, kinasubiri neno moja. Na lilikuwa neno la kweli. Singehitaji hata kudanganya.

"Na mama yako?" niliuliza.

Aliangalia chini. "Yeye hawezi kusafiri peke yake. Wameandika lazima mutu wa kumusindikiza. Kama mimi natoka, kesi yake inarudi mwanzo."

"Mwanzo kabisa?"

"Tutasubiri tena. Amezoea kusubiri."

Mimi ndiye ninayemfungia mama yake, Mama Marie-Claire, dawa zake. Najua alianza na kidonge kipi, najua sasa anameza nini, na najua kwamba juu ya hicho hakuna kingine kwenye kabati letu wala kwenye kabati la mtu yeyote kaunti hii. Mara ya mwisho nilipokwenda kwake alikuwa analala ameketi, ameegemea mito, midomo ina rangi ya wino. Alinishonea gauni la kitenge akiwa katika hali hiyo, akipumzika baada ya kila mshono. "Mwanangu," aliniuliza juu ya ile Kanada waliyoingoja hadi mimi nikaacha kuiamini, "kule baganga ba moyo bako kweli? Ao bananidanganya ili nitulie?" Nikamwambia wako kweli, Mama. Akafurahi kama mtoto.

Kusubiri tena. Adolphe ni mwalimu wa hesabu, lakini hesabu hii alikuwa anakataa kuifanya. Mimi nilikuwa nimeshaifanya huku bado anaongea.

Nilimtazama kwa mara nyingine, nyusi zenye vumbi, kovu dogo kidevuni, macho yale. Ningeweza kuolewa naye hivyo. Tungezaa watoto warefu. Na siku moja, si mbali, tungemzika mama yake kwenye ule mchanga wa Kakuma, na yeye hangenilaumu hata kidogo, angenishika mkono kaburini, na kila nikimwangalia ningejua.

"Baba amekasirika bure," nilisema.

"Nini?"

"Ni urembo, Adolphe. Umesema kweli. Wasichana siku hizi wanavaa. Nilimtania baba jana kwamba nimeolewa, akakasirika, basi. Unajua ninavyopenda kutania."

Alinitazama. Nilihisi uso wangu unataka kunisaliti kila mahali, nikaushika kwa nguvu zote. "Ulikuwa unanipiga ngumi sasa hivi," alisema.

"Kwa sababu unaniacha. Ungetaka nikupigie vigelegele?"

"Sikuamini." Akageuka. Akaenda mpaka kwa baba, akapiga goti kwenye mchanga mbele ya kile kiti cha kamba. "Papa, weye ni mzee. Hutanidanganya. Hii kitu iko kwa shingo ya Nakiru, ni ndoa ao siyo ndoa?"

Baba, ambaye tangu alfajiri alikuwa akiuambia ukuta habari za ngamia. Baba, ambaye nimemwona akibishana na ofisa juu ya gunia moja lililoandikwa vibaya, kwa kuwa uongo ni uongo. Angesema, na Adolphe angebaki, na kosa lisingekuwa langu. Ndiyo, nililiwaza hilo. Nilitamani aseme.

Baba alinitazama juu ya kichwa cha Adolphe. Sikio lake lilikuwa pale, kama alivyosema. Alikuwa amesikia kila neno. Sikumkonyeza, sikutikisa kichwa. Nilimwangalia tu, na machozi niliyokuwa nimeyazuia yakaanza kushuka yenyewe, na sikuyafuta ili Adolphe asigeuke akaona mkono wangu.

Kule mlangoni, polepole, mama alivuta kanga yake juu. Aliipandisha mabegani, akaizungusha, akaifunga chini ya kidevu kama mtu aliyeshikwa na baridi, katika joto lile la Lodwar. Alagama yake ikapotea ndani.

"Ni urembo," baba alisema.

"Papa?"

"Watoto ya mjini wanavaa hivyo. Mimi ni mzee, kichwa yangu ilichanganya mambo." Alimnyooshea mkono. "Simama, kijana. Usipige magoti kwa mchanga, utachafua hiyo suruali na mama yako ako na safari."

Adolphe aliinuka. Sijui kama aliamini. Nafikiri alichoka, na mtu aliyechoka huchukua anachopewa. Mabega yake yalishuka, nami nikaona ahueni ndani ya huzuni yake, ndogo tu, ya mtoto ambaye mama yake ataishi. Ahueni ile iliniumiza kuliko yote.

"Sasa kama ni urembo," nilisema, "nitoeni. Inanibana. Nimeshindwa hata kumeza."

"Juu ya nini uitoe?" Adolphe aliuliza. "Ikae. Nilikufanyia weye."

Kwa sababu ikikaa nimeolewa, nilitaka kumpigia kelele. Kwa sababu nitakuwa mke wa mtu aliye upande wa pili wa dunia, na kila mwanamke nitakayekutana naye sokoni ataniuliza mume wangu yuko wapi. "Nitaihifadhi," nilisema. "Shaba inatia alama ya kijani. Baba, msumeno wako wa chuma uko wapi?"

Baba aliuchukua mwenyewe kwenye kisanduku cha vyombo vya lori, kisanduku ambacho hakukiuza lori lilipouzwa. Nilipiga magoti tena pale pale penye mafuta ya asubuhi. Aliingiza vidole vyake viwili kati ya pete na ngozi yangu, ili meno yakipita yamkute yeye kwanza, akaanza kukata. Shaba ni laini. Unga wake uliniangukia kifuani, mwekundu kidogo, wa moto. Alikata polepole kuliko ilivyohitaji, akipumua juu ya nywele zangu, na karibu na mwisho alininong'oneza kwa Kiturkana maneno ambayo nitayaweka mwenyewe. Pete ilipofunguka kidole chake kimoja kilikuwa kinatoka damu. Hakukitazama.

Shingo yangu ilikuwa nyepesi, tupu, kama nimevuliwa nguo mbele ya watu. Mama alikuja akaichukua ile shaba mkononi mwa baba, akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo la kwanza na la pili.

"Gari ya kurudi itaniacha," Adolphe alisema. Hakusogea. "Karatasi yangu inaisha leo."

"Nenda basi."

"Nakiru."

"Nenda, Adolphe. Mpe mama dawa ya jioni kabla ya kula, usisahau. Ndani ya ndege asikae bila kunyoosha miguu. Mwambie gauni lilinitosha vizuri."

Alitaka kunishika. Nilirudi nyuma, kwani kama angenigusa ningesema kweli yote hapo hapo. Alisimama mikono imening'inia, kisha akaelekea kwenye lango, na pale kwenye lango akageuka kunitazama, jua la alasiri limemjaa usoni. Hakukuwa na haja ya sinia.

"Ngoja!" nilimwambia.

Nilikimbia ndani. Kamera ilikuwa kitandani, ambapo niliiacha nikiwa mwanamke mwenye furaha. Nilipotoka nayo aliiona, na uso wake ukashtuka, kisha, licha ya yote, ukafunguka.

"Leo nimepata kutu?"

"Leo umepata," nilisema.

Akacheka, analia na kucheka. Akajipangusa vumbi la nyusi, akanyoosha shati la kwaya, akainua kidevu jinsi watoto wa darasa lake wanavyofanya wakipigwa picha. Alikuwa amelisubiri jambo hili tangu siku ya kwanza ya sinia, na alilipokea kama zawadi. Nyuma yangu nilisikia kiti cha kamba kikilia. Baba alikuwa ameinuka na kuingia ndani.

Niliweka jicho kwenye kamera. Alikuwa mdogo mle kwenye kioo, mzima, ananitazama. Lori la baba, nilikumbuka. Greda. Milango ya mbao. Barafu ya wavuvi.

Nilikaza vidole, nikabonyeza.